Ile video yangu ya Saiwa ilikuwa uongo

Wasee, kuna video yangu moja mlipenda sana. Niko kwa baiskeli asubuhi mapema, natoka Kitale naelekea Saiwa, ukungu umelala juu ya mafunjo, korongo taji wawili wanapita hewani wakipiga kelele zao. Sekunde 48 tu. Komenti zilikuwa za aina moja: "Kumbe Kitale iko hivi?" Mwingine akaandika, "Buda, kwani uko Uholanzi?" Nilifurahi manze. Usiku huo nililala nikijiona balozi wa Magharibi yote.

Ile video ilikuwa uongo.

Sio ati nilibandika ukungu na kompyuta. Kila kitu mliona kilikuwa hapo. Uongo ulikuwa kwa kile nilikata. Katikati ya safari hiyo lori la mahindi lilinipita karibu mpaka nikasikia joto la injini kwa shingo. Hakukuwa na mahali pa kukaa. Lami iliisha kama meza imekatwa, chini yake kuna mawe, halafu mtaro. Nikaingia mtaroni na baiskeli yangu na simu ikiendelea kurekodi. Nilipofika nyumbani nikaangalia hiyo klipu, nikaona inaharibu mood, nikaikata. Nikaweka muziki. Nikapost.

Sasa skizeni kilichofuata, ndio mjue kwa nini naandika hii badala ya kupost korongo wengine.

Niko na binamu yangu mdogo, miaka 14, anaishi na kukhu wetu upande wa Kamukuywa, kwa ile barabara ya Kitale kuenda Webuye. Anasoma shule ya kutwa. Kila siku alikuwa anatembea. Aliona video yangu. Akaenda kwa stoo akatoa Black Mamba ya marehemu kuka, fundi wa sokoni akaweka tyubu mpya, akakaza spoki, akatia cheni mafuta. Msichana akaanza kuenda shule na baiskeli, kitabu kwa karia, amefungia na mpira wa tyubu. Wiki tatu alikuwa anafika shule kabla ya kengele. Alinitumia picha, amesimama kando ya hiyo Mamba kama ameshinda Tour de France.

Wiki ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, gari la abiria lilikuwa linapita lingine. Alihama pembeni. Pembeni hakukuwako. Gurudumu la mbele likashuka ile ngazi ya lami, yeye akaenda na hendeli, mkono ukavunjika. Gari halikusimama. Aliokotwa na mama wa maziwa.

Mkono umepona, Mungu ni mkubwa. Lakini baiskeli iliuzwa hiyo wiki. Binamu yangu amerudi kutembea, anaamka saa kumi na nusu. Na nilipoenda kumwona, kukhu aliniwekea chai, akangoja nimalize kikombe, halafu akaniuliza swali moja tu: "Ni wewe ulimwonyesha ile barabara ni nzuri?"

Sikuwa na jibu. Hii ndio jibu langu, limechelewa.

Nimeamua hivi: barabara ya baiskeli haipimwi na mimi. Mimi ni kijana wa miaka 22, niko na kofia ngumu, taa ya nyuma, na mguu wa kukimbia. Haipimwi pia na wale wasee wa suruali za kubana wanaokuja wikendi na gari la kuwafuata nyuma. Barabara inapimwa na mtoto wa Gredi 8 saa kumi na mbili asubuhi akiwa na kitabu kwa karia. Kama yeye hawezi kupita, basi hiyo barabara si tulivu, si ya utalii, na sisi tunaoipigia video tunauza sumu kwa chupa ya asali.

Najua wengine mmeshaanza kuandika. Wacha niwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza: "Lakini huku ni pazuri, usituharibie soko."

Ni pazuri, nani amekataa? Mimi ndio nitawaambia venye ni pazuri. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma iko kama mita 1,400. Yaani ukitoka Kitale ukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye mpaka Bungoma, karibu kilomita 80, kwa jumla unateremka. Kuna vilima vidogo, lakini hakuna mlima wa kukuua. Mlima Elgon umekaa kando yako kama mzee anayekuangalia tu. Mbele, hapo Webuye, maporomoko ya Nabuyole yako karibu. Ukienda upande mwingine, barabara ya Kapenguria, kilomita ishirini na kitu unafika Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa Kenya. Haifiki hata kilomita tatu mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa sababu ya mnyama mmoja, nzohe, yule swala wa kwato ndefu zilizopanuka anayeweza kutembea kwa tope bila kuzama, na akiogopa anajificha kwa maji abakishe pua.

Na unajua sheria ya Saiwa? Gari haliingii. Hata uwe waziri. Unaacha gari langoni, unatembea kwa mguu, sehemu zingine juu ya mbao zilizowekwa kwa kinamasi. Serikali iliketi, ikafikiria, ikaamua kuna kiumbe anahitaji nafasi ambayo gari halimfikii. Safi kabisa, nawapongeza. Sasa toka nje ya lango, rudi kwa lami, umtafute mtoto wa shule. Yeye amewekewa nini? Hata mstari wa rangi hana.

Sisemi nzohe apunguziwe. Nasema tumejua tangu 1974 kwamba nafasi inaweza kutengwa tukitaka.

Wa pili: "Baiskeli ni ya maskini. Tafuta doo ununue nduthi."

Hii naijua sana, nimeisikia kwa meza ya familia. Niliacha kampasi mwaka wa pili, fee iligoma, na tangu siku hiyo mjomba akiniona kwa baiskeli anatikisa kichwa kama amepita matanga. Kwake ni ushahidi kwamba nimeshindwa na maisha.

Lakini nyinyi watu wa Bungoma, hamkumbuki? Boda boda haikuanza na injini. Ilianza huku kwetu, mpakani Busia, mtu anabeba abiria na baiskeli, "border, border," mpaka jina likakwama na sasa linatumika Afrika Mashariki yote. Bungoma mjini wazazi wetu walibebwa na baiskeli kuenda hospitali, kuenda sokoni, kuenda harusini. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, nduthi zikamwagika kama mvua ya Aprili, na ndani ya miaka michache baiskeli ikageuka kuwa aibu. Sichukii nduthi. Ndugu zangu wanakula kwa nduthi. Lakini nduthi mpya ni zaidi ya laki moja, wengi wanaichukua kwa mkopo, halafu kila asubuhi inadai mafuta kabla hujadai chai. Baiskeli inadai kiraka na pampu.

Na mtu akikuambia baiskeli si mchezo wetu, mwambie Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mwambie Biniam Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani mpaka mwisho wa Tour de France ya 2024. Mwambie Chris Froome aliyeshinda Tour de France mara nne alizaliwa Nairobi na alifunzwa na David Kinjah hapa hapa Kenya. Mwambie kuhusu Suleiman Kangangi wa Eldoret, hapa jirani tu, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani. Huyo hakuona aibu. Sisi tunaona aibu ya nini?

Ukweli ni huu: aibu inawasaidia watu fulani. Kama baiskeli ni ya maskini, basi hakuna haja ya kuijengea, kwa sababu maskini anatakiwa kuwa njiani kuacha umaskini. Kila mwaka tunaambiwa "mtaomoka," na kila mwaka barabara inajengwa kama ambao tumeshaomoka wote na kila mtu ako na gari.

Wa tatu, huyu ndiye anayeniudhi kabisa: "Baiskeli hailipi ushuru wa barabara. Mwenye gari analipa kwa mafuta, kwa hivyo barabara ni yake."

Haya, tupige hesabu. Ushuru wa kutunza barabara uko kwa kila lita ya petroli na dizeli. Julai 2024 ulitoka shilingi 18 ukafika 25 kwa lita. Sasa niambie, yule mama wa Misikhu anayeendesha baiskeli kuenda sokoni, unga wake ulisagwa na nini? Posho mill ya dizeli. Mbolea yake ilifika na nini? Lori. Akienda Kitale kuona mgonjwa anapanda nini? Matatu, na nauli ilipanda mafuta yalipopanda. Huyo mama amelipa. Amelipa kwa unga, amelipa kwa mbolea, amelipa kwa nauli, halafu akifika barabarani anaambiwa ni mgeni, akae kwa mtaro. Wewe mwenye gari ulilipa mara moja kwa pampu, ukapewa lami yote.

Na tena, baiskeli haichimbi shimo. Hayo mashimo ya Webuye hadi Malaba hayakuchimbwa na Black Mamba ya mtu.

Wa nne: "Waendeshaji baiskeli wenyewe hawana adabu. Hawana taa, wanajaza mizigo, wanayumba."

Ni kweli, na sitawatetea. Msee, ukibeba magunia mawili ya makaa usiku bila hata kipande cha kitu kinachong'aa nyuma, unajiua na unamwachia dereva mzigo wa roho. Nunua taa. Kama huna doo, funga kitambaa cheupe. Hilo ni letu na tulifanye kesho. Lakini binamu yangu hakuwa amebeba makaa. Hakuwa anayumba. Alikuwa pembeni kabisa, mahali tunaambiwa tukae, na pembeni ndiko kulimwangusha. Adabu haiwezi kujaza ngazi ya lami.

Wa tano: "Hiyo ni mambo ya Uholanzi. Wao wameendelea."

Asante, nilikuwa nakungoja wewe.

Wale Waholanzi mnaoona kwa picha, wanapita na baiskeli katikati ya matuta ya mchanga ya pwani na vinamasi, bibi wa miaka 70 mbele, mtoto nyuma, hakuna gari: mnafikiri walizaliwa na hizo njia? Zamani kweli walikuwa watu wa baiskeli, kama sisi Bungoma. Halafu baada ya vita pesa ikaingia, magari yakajaa, njia za baiskeli zikaliwa. Mwaka 1971 peke yake, barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakachoka. Wakaanzisha kampeni wakaiita Stop de Kindermoord, komesheni mauaji ya watoto. Watu walilala chini barabarani na baiskeli zao, wakafunga mitaa ili watoto wacheze. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika dunia nzima, serikali yao ikaona baiskeli si upuuzi. Hizo njia nzuri za kwa matuta zilitoka kwa hasira ya wazazi. Mandhari ilikuja baadaye.

Sasa angalia sisi. NTSA wenyewe wanahesabu zaidi ya watu 4,000 wanaokufa kwa barabara zetu kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni wale wanaotembea kwa miguu. Sisi ni wengi kuliko Waholanzi wa wakati huo, sawa. Lakini wao walisema "watoto wetu wanauawa." Sisi tunasema "ajali haina kinga," tunachanga ya matanga, tunarudi kazini.

Basi nataka nini? Sitaki njia ya rangi ya kijani yenye maua. Sitaki mbunge akate utepe wa "barabara ya utalii wa baiskeli" halafu apige picha amevaa kofia kinyume. Nataka kitu kidogo cha kuchosha: ukingo wa lami. Mita moja na nusu kila upande, usawa na barabara, bila ngazi, bila kokoto, bila kibanda, na mstari mweupe unaosema gari liishie hapa. Kutoka Kitale mpaka Webuye. Kutoka Kitale kuelekea Kapenguria mpaka njiapanda ya Saiwa. Karibu na kila shule, tuta na alama. Basi.

Hiyo mita moja na nusu si ya baiskeli peke yake. Ni ya mama wa maziwa. Ni ya mtu wa mkokoteni. Ni ya Agosti ya mwaka wa shufwa, wakati kijana wetu wa Kibukusu anaenda kwa khocha na chinyimba mkononi, kijiji kizima nyuma yake wanaimba barabarani na malori yanapiga honi katikati ya mila. Kando ya barabara ndiko tunaishi sisi. Lami ya katikati ni ya watu wanaopita kuenda Uganda na Sudan Kusini.

Mtaambiwa ile hadithi ya kurushiana. Kaunti itasema hiyo ni barabara kuu, iko chini ya serikali ya kitaifa, uliza KeNHA. Na kisheria ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba limegawanya hivyo: barabara kuu za kitaifa, barabara za kaunti. Nilienda kwa ofisi moja nikatumwa kwa nyingine, ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza, nikaona nitazunguka mpaka nizeeke. Lakini sikilizeni kitu nimejifunza: kaunti ina barabara zake, zile za kuingia shuleni, sokoni, mpaka zile za kuelekea mbugani, na hizo haiwezi kumrushia mtu. Na kila mwaka kuna tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Kabla ya hapo wanatakiwa kuwaita wananchi watoe maoni. Hiyo mikutano huwa na wazee saba, viti vya plastiki hamsini, na soda. Sisi vijana tunakuwa wapi? Tuko kwa simu tunatazama video ya korongo.

Nimeenda mmoja. Nilikuwa mdogo kuliko wote. Niliposema "baiskeli" watu wawili walicheka. Nikawaonyesha ile klipu niliyokata, ya lori na mtaro. Hawakucheka tena. Mzee mmoja akasema mjukuu wake pia alianguka hivyo hivyo, na kwamba hakujua ni kitu mtu anaweza kuleta kwa mkutano. Hapo ndipo nilielewa. Wazee hawajakataa kutusaidia. Hawajawahi kuambiwa kwamba hili ni jambo la kusemwa.

Kwa hivyo, mambo ni mawili.

Moja, ile video ya Saiwa nimeitoa. Nimeiweka tena, nzima, lori likiwemo, mimi nikiwa mtaroni na matope mpaka kwa meno. Si nzuri kama ya kwanza. Itazameni hivyo hivyo. Na kuanzia leo, wale wenzangu tunaopiga video za baiskeli Trans Nzoia na Bungoma, nawaomba kitu kimoja: msikate lori. Weka ukungu, weka korongo, weka mlima, na uweke lori. Tukionyesha urembo peke yake tunawasaidia wale wanaosema hakuna shida.

Mbili, Februari inakuja. Njoo mkutano wa kaunti yako na baiskeli. Usije na hotuba, njoo na hiyo baiskeli uiegeshe mlangoni ionekane. Zikiwa kumi tutachekwa. Zikiwa mia watatafuta kalamu.

Binamu yangu ameniuliza kama nikishinda atanunuliwa nyingine. Nimemwambia ndiyo. Kukhu alikuwa anasikia kutoka jikoni, hakusema kitu. Ananingoja nionyeshe barabara kwanza.